Siku saba na perege wa Bahi: kutoka Hombolo hadi Mtera

Haya yameandikwa baada ya kurudi Dodoma mjini, kutoka kwenye daftari lililolowa kurasa za katikati na picha za simu mbili. Safari ilikuwa ya watu wanne: afisa uvuvi mstaafu, mwalimu wa baiolojia, fundi wa kushona nyavu na kijana wa kutafsiri Kigogo pale Kiswahili kinapowapita wazee. Kazi ilikuwa kuwaeleza wanaoishi kando ya maji kwamba humo ndani mna viumbe walio hatarini kutoweka. Mmoja wao, perege wa maji ya chumvi, ndiye huyu perege wa Bahi, haishi nchi nyingine yoyote duniani zaidi ya Tanzania.

Kwa anayetaka kufuata njia hii, aanze kwa kuelewa maji yanakwenda wapi. Mkoa wa Dodoma umekaa mgongoni. Mvua ikinyesha, maji ya upande mmoja yanashika mto Kizigo na vijito vyake hadi Mtera, yakaingia Ruaha Mkuu na mwishowe Rufiji. Ya upande mwingine yanaingia Kinyasungwe, yakaelekea Wami. Yaliyobaki yanafuata mto Bubu hadi Bahi, na safari yake inaishia hapo hapo, bahari hayaioni. Mabonde matatu, na kila bonde lina samaki wake. Kumhamisha samaki kutoka bonde moja hadi jingine ni kosa ambalo halirekebishiki, na hilo ndilo tulilorudia kusema mpaka koo likakauka.

Mizigo: bango moja la turubai la mita 2 kwa 1 (Sh 24,000), makopo sita ya maziwa ya unga yaliyokwisha, kilo moja ya punje za mahindi, beseni mbili nyeupe, rula za chuma, vipimo vya matundu ya nyavu vilivyochongwa kwa mbao nyembamba, na kisahani cha kupimia uwazi wa maji. Beseni ziwe nyeupe. Kwenye beseni la bluu au jekundu rangi ya samaki haionekani sawasawa, na picha zote zinaharibika.

Jumatatu, 9 Juni. Dodoma – Hombolo – Dodoma

Daladala ya Hombolo ilijaa baada ya saa nzima na robo ya kusubiri. Nauli Sh 2,500, na beseni zililipiwa Sh 1,000. Juni ni kipupwe. Upepo wa asubuhi unakata masikio, kwa hiyo koti ni lazima hata kama mchana jua litawaka.

Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957 kwenye mto Kinyasungwe, na tangu siku ile mto umekuwa ukiteremsha udongo na kuuacha humo. Kisahani chetu kilikatwa kutoka kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi: duara la sentimita 20, likagawanywa robo nne, mbili zikapakwa nyeusi na mbili nyeupe. Katikati kuna tundu la kamba, na chini yake nati kubwa ya chuma ya kukizamisha kikiwa kimelala. Kamba ina fundo kila sentimita 10. Unakishusha upande wenye kivuli cha mtumbwi, unasoma pale kinapopotea machoni, unakishusha kidogo tena, unakivuta na kusoma pale kinapoonekana. Kati ya vipimo hivyo viwili ndipo lilipo jibu. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jua likiwa chini, maji yanang'aa na utadanganyika.

Kilipotea kabla ya fundo la pili.

Vijana waliokuwa wakichota maji walicheka kwanza, kisha mmoja akauliza tope lina ubaya gani kwa samaki, maana samaki si anaishi majini tu? Swali zuri. Perege dume huchimba kiota mithili ya bakuli kwenye sakafu ya maji ya kina kifupi, na hapo ndipo jike huja kutaga. Tope likishuka usiku kucha, bakuli linajaa. Mwanga nao haufiki chini, mwani ambao samaki hula hauoti. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Tulizipima kwa kamba pamoja na vijana hao. Fundo la mwisho liliangukia katikati ya bustani ya mboga, tukamwonyesha mwenye bustani nyasi ndefu za kuachwa upande wa maji ili zizuie udongo. Hakukubali wala hakukataa. Alitupa nyanya.

*Kwa anayefuata:* vibali vianze mapema. Barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa uvuvi, kisha mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa kijiji. Ukianzia kwa mwenyekiti utarudishwa juu, na siku mbili zimekwenda. Barua itaje siku, saa, idadi ya watu wako na kama mtapiga picha.

Jumanne, 10 Juni. Dodoma – Bahi

Kilomita kama 60 za lami kuelekea Singida, Sh 3,500. Njia ni rahisi na haina la kusimulia zaidi ya mibuyu.

Bahi ni mji wa mpunga na reli. Gesti Sh 15,000, maji ya moto kwa ndoo. Mchana tulikula wali wa Bahi na perege wa kukaanga, Sh 4,000 sahani, na pale mezani ndipo kosa letu lilipogunduliwa. Bango lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mtoto wa mama lishe, darasa la tano hivi, alilitazama, akaitazama sahani, akamwambia mama yake kwamba samaki wa kwenye picha si wa hapa, mkia wake una mistari.

Alikuwa sahihi. Picha tuliyopeleka kuchapishwa ilikuwa ya perege wa Bahi, lakini haikuwa kali, na mchapaji akaona atusaidie kwa kuweka picha safi zaidi aliyoipata mtandaoni. Ilikuwa ya sato. Sato, yaani *Oreochromis niloticus*, ana mistari ya wima iliyojipanga mkia mzima kama kitambaa cha kanga chenye milia, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kumtambua. Kwa hiyo bango la kumtetea perege wa Bahi lilikuwa limebeba picha ya samaki anayemhatarisha.

Hatukulitupa. Tulinunua rangi nyekundu dukani (Sh 3,000), tukachora alama ya mkato juu ya samaki yule, na chini tukaandika: HUYU ASILETWE HAPA. Likawa bango bora kuliko tulilolipanga. Mama lishe alikataa malipo ya chakula cha mwanawe na akatuonyesha nyumba ya mzee anayekodisha mitumbwi.

*Kwa anayefuata:* kabla ya kulipia uchapaji, omba sampuli kwenye karatasi na uihesabie mistari mkiani.

Jumatano, 11 Juni. Ziwa Sulunga

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa bodaboda tatu, Sh 8,000 kila moja. Njia ni ya udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka ni kama saruji yenye nyufa, ukilowa hushika gurudumu lisizunguke. Mvua ilikuwa imekwisha zamani, lakini maji ya mfereji wa mpunga yalikuwa yamevunja tuta na pikipiki ya katikati ikazama hadi ekseli. Wanaume wawili waliokuwa wakifunga mpunga walishuka shambani na kamba ya katani, wakalaza mabua mbele ya gurudumu, wakavuta. Hawakutaka pesa. Mmoja alisema kwa Kigogo, kijana wetu akatafsiri: njia ni ya wote.

Ziwa Sulunga, ambalo wengi huliita dimbwi la Bahi, halina mlango wa kutokea. Maji huingia kwa mto Bubu na vijito vingine, na hutoka kwa kupanda hewani tu. Yakipanda, chumvi inabaki. Mwaka wa mvua nyingi ziwa hutanuka juu ya majani na mashamba. Mwaka wa ukame hunywea, na miaka mingine hubaki vidimbwi tu. Samaki anayestahimili hali hiyo ni wa aina yake. Wataalamu wanamwita *Oreochromis amphimelas*, jina alilopewa mwaka 1905. Anajulikana kutoka Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singida na hapa Sulunga, basi. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili limemweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Wavuvi tuliozungumza nao hawana jina lake la pekee. Kwao ni perege. Hapo ndipo ugumu wa kazi unapoanza, kwa sababu samaki asiye na jina lake hana mtu wa kumdai akipotea. Tukakubaliana kumwita perege wa chumvi, na hadi jioni watoto walikuwa wakilitumia.

Mzee wa mtumbwi (Sh 15,000 kwa asubuhi nzima, na upondo wake mwenyewe) alikuwa ametega nyavu jioni iliyopita. Alipovuta pisi ya kwanza, alitoka jike mmoja, mdogo kuliko kiganja kilichofunguliwa, kidevu kimevimba kama anayeficha kitu. Tulimpokea kwa mikono iliyolowa. Mkono mkavu hubandua ute wa ngozi yake, na ute huo ndio ngao yake dhidi ya magonjwa. Tukamweka kwenye beseni jeupe lenye maji ya ziwa, tukangoja bila kumgusa. Baada ya muda mfupi akafungua mdomo. Mayai yakamwagika chini ya beseni, ya manjano iliyoiva, kila moja likiwa na nukta mbili nyeusi.

"Hayo ni macho," mwalimu akasema. "Ni watoto wanaokutazama."

Mzee aliinama hadi kofia ikagusa maji. Amevua miaka zaidi ya arobaini na amekuwa akiyaona mayai hayo sakafuni mwa mtumbwi, akidhani samaki alikula mayai ya mwenzake. Maana jike wa perege huyatwaa mayai mdomoni mara tu baada ya kuyataga, akayabeba kwa wiki mbili hivi mpaka vitoto viogelee, na muda huo wote karibu hali kitu. Akishtuka wavuni huyatema. Yai lililotemwa halina mlezi. Linazama topeni na kufa. Kwa hiyo anayevua jike mmoja wakati wa kubeba anavua na kizazi kilichomo mdomoni. Kambale hutaga mayai kwa maelfu mengi na kuyaacha yajitegemee. Perege hubeba machache na kuyalinda. Mbili hizo ni hesabu tofauti kabisa, na wavu wa tundu dogo hauwatenganishi.

Jike yule alirudishwa ziwani na mayai yake kwa kuinamisha beseni polepole kwenye majani. Kama aliyaokota hatukuona. Mara nyingine huyaokota.

Baada ya hapo fundi wetu akaanza kupima nyavu, na wavuvi wengine wanne wakasogea na zao. Hapa pana kosa ambalo huzua ugomvi kila mahali, kwa hiyo lieleweke. Tundu la wavu hupimwa likiwa limenyooshwa: kutoka fundo hadi fundo la mkabala wake, wavu ukiwa umelowa. Wauzaji wengine hupima upande mmoja tu wa tundu, fundo hadi fundo jirani, na hiyo ni nusu ya kipimo. Mvuvi ananunua akiamini hesabu moja, afisa anapima hesabu nyingine, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Chukua matundu kumi sehemu tofauti za wavu, mbali na kingo na mahali palipotiwa viraka, uyajumlishe, ugawe kwa kumi. Kipimo cha mbao kinachongwa kama kabari: ncha nyembamba, kinaendelea kupanuka, na kila nusu inchi kuna mchoro. Unakisukuma kwenye tundu kwa nguvu ya kidole kimoja, kinapokwama ndipo unasoma. Ukisukuma kwa ngumi utapata inchi unayoitaka, si iliyopo.

Mmoja wao alikuja na chandarua. Hakuna aliyemgombeza. Tundu la chandarua halifiki milimita 2, kwa hiyo hakichagui. Kinazoa kitoto kilichotoka mdomoni mwa mama jana. Halafu vyandarua vya kisasa vina dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo kwa binadamu aliyelala ni salama lakini kwa samaki na wadudu wa majini ni sumu kali hata ikiwa kidogo sana. Kukifua ziwani ni hatari vile vile. Mwenyewe alisema anakitumia kuvua chambo cha ndoano. Fundi akamfumia mgono wa vijiti na kamba mbele yake, mdomo wa kuingilia ukiwa mpana na koo jembamba, na kazi hiyo ilichukua kama saa moja na nusu. Mgono una faida moja ambayo wavu hauna: samaki anatoka akiwa hai, na jike mwenye mayai anaweza kurudishwa.

*Kwa anayefuata:* wakati wa kutoa elimu Bahi ni mara tu baada ya mvua, si mwishoni mwa kiangazi. Vidimbwi vikibaki vichache, watu huvimaliza kwa ndoo na mikono, na njaa ikiwa imekaa mlangoni hakuna atakayesikiliza habari za mayai. Kumbe vidimbwi hivyo vya mwisho ndiyo mbegu ya mwaka unaofuata. Kubaliana na kijiji mapema, wakati samaki wangali wengi, ni kidimbwi kipi hakitaguswa.

Alhamisi, 12 Juni. Bahi

Asubuhi shule ya msingi, mchana mkutano chini ya mkwaju. Salamu ya "Mbukwenyi!" ilifungua nyuso, na kikao kilianza saa mbili baada ya muda uliotangazwa, jambo la kawaida, jipangie hivyo.

Makopo yalipata kazi. Kila kopo lilibandikwa picha: chandarua, kokoro, sumu ya majani, sato wa kuletwa, mfereji unaovunja mto, ukame. Kila mtu alipewa punje tatu za mahindi atumbukize kwenye kile anachoona kinammaliza perege. Kabla ya mazungumzo kopo la ukame lilikuwa zito kuliko yote, na la sato lilikuwa na punje za kuhesabika kwa vidole. Watu wanaona kuleta samaki ni kuongeza samaki. Na hakika nia ni njema. Hilo ndilo linalofanya hatari hii iwe ngumu kuipinga kuliko sumu.

Tulieleza hivi. Sato na perege wa chumvi ni wa jenasi moja, wanaweza kuzaliana. Vimezaliwa vizazi vya mchanganyiko kwenye maziwa na mabwawa mengi ya Tanzania palipopelekwa sato. Ngege wa Ziwa Victoria, *Oreochromis esculentus*, alikuwa kitoweo kikuu cha ziwa zima. Baada ya uvuvi kupita kiasi na kuletwa kwa sangara na sato miaka ya 1950 na 1960, leo yupo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa. Mchanganyiko ukishaingia, huwezi kuutoa kwa wavu wala kwa sheria.

Bwana mmoja alisimama. Ameshachimba bwawa la mita 10 kwa 15 karibu na mfereji, na ameahidiwa vifaranga vya sato madume matupu, hivyo haoni tatizo. Jibu la afisa wetu mstaafu lilikuwa la heshima na la wazi: mzee wangu, vifaranga hugeuzwa madume kwa homoni iliyochanganywa kwenye chakula siku za mwanzo, na ni nadra wote wageuke. Wachache hubaki majike. Bubu ikifurika, bwawa na ziwa ni kitu kimoja. Akashauriwa afuge kambale wa hapa hapa Bahi, apandishe tuta la bwawa, na bomba la kutolea maji alifunge kwa wavu wa waya wenye tundu dogo kuliko kichwa cha kifaranga. Alituonyesha mgunga wenye alama ya tope: hapo ndipo maji yalifika mwaka wa mafuriko makubwa. Alama ilikuwa juu ya tuta lake.

Punje za mara ya pili zilihamia. Kopo la sato lilipata mlio wa kujaa.

Tanzania ina maeneo manne ya ardhioevu yaliyoingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu: Malagarasi-Muyovozi, Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Bahi haimo. Kwetu sisi hiyo ni sababu tosha ya kijiji kujiwekea sheria ndogo zake, maana cheo cha kimataifa kinaweza kuchelewa na samaki akawahi kuondoka.

Ijumaa, 13 Juni. Kurudi Dodoma, kufua, kuchaji simu, kuchapa upya vipeperushi.

Jumamosi, 14 Juni. Dodoma – Mtera

Basi la Iringa kutoka stendi kuu ya Nanenane, Sh 8,000, likachelewa dakika 50. Baada ya Fufu na Chipogoro ardhi inashuka, joto linapanda, na ghafla barabara inapita juu ya ukuta wa bwawa lenyewe. Usipige picha ukutani. Ni eneo la ulinzi.

Mtera ni ghala la maji ya umeme: mitambo yake ni ya megawati 80, na maji yakitoka hapo yanakwenda kuzungusha ya Kidatu. Bwawa likijaa, uso wa maji hufikia mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka hadi 690, mitambo inazimwa. Kwa samaki na kiboko kupanda na kushuka huko ni maisha. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka sehemu za hifadhini kila kiangazi tangu miaka ya 1990, hasa kwa sababu ya maji yanayochukuliwa juu ya mto, kwenye bonde la Usangu.

Jioni tulivuka hadi Migoli, upande wa Iringa, penye meza za samaki. Perege wa kukaanga Sh 2,000 hadi 5,000 kwa ukubwa, kitoga na kambale wa moshi bei ya maelewano. Mama mmoja muuza samaki alitupa benchi na kivuli chake, na ndiye aliyewaita wavuvi: "Njooni mpimiwe nyavu, hawa si wa kukamata." Bila neno lake tungekaa peke yetu hadi usiku.

Jumapili, 15 Juni. Migoli na Mtera

Hapa mjadala haukuwa wa samaki, ulikuwa wa kiboko. Watu wamepoteza mashamba, na wapo waliopoteza ndugu. Ukifika na maneno ya "tumlinde kiboko" bila kuanza na hilo, funga mizigo. Tulianza na taratibu: mnyama akiharibu shamba, taarifa kwa mtendaji na afisa wanyamapori mara moja, uharibifu upimwe ungali mbichi, picha zipigwe na nyayo zionekane. Kifuta jasho ni kwa mazao, kifuta machozi ni kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Waliochelewa kutoa taarifa ndio wengi waliokosa.

Kisha njia za kuishi naye. Kiboko hula nyasi usiku, kilo 40 hivi, na hurudi majini alfajiri kwa njia ile ile. Hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji. Usitege nyavu mdomoni mwa njia yake, usiegeshe mtumbwi hapo, na unapopita karibu na kundi gonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili akusikie kabla hajakushtukia, kisha pita ukingoni mwa maji ya kina kifupi, kina kirefu umwachie yeye. Shamba liachwe mbali na njia yake hata kama udongo wa pale ni mzuri.

Mvuvi mmoja akauliza: kiboko ana faida gani kwangu? Kinyesi chake hurutubisha maji yanayotembea, na samaki hula kutokana na rutuba hiyo. Lakini mto ukisimama, viboko wakasongamana kwenye kidimbwi, kinyesi kile kile hula hewa ya maji na samaki hupungua. Jambo hili limepimwa kwenye Ruaha Mkuu huu huu. Kwa hiyo anayelaumu kiboko kwa samaki waliokufa kidimbwini anapaswa kuuliza kwanza maji yamezuiwa wapi.

Bibi mmoja alitaka kujua kama kweli mnyama anaweza kuisha watu wakitazama. Tulimweleza chura wa Kihansi, wa bonde hili hili la Rufiji. Hazidi sentimita 3, hazai mayai bali watoto, na aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu. Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 1996. Mwaka 2000 maji mengi yalipopelekwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakatika. Baadaye ukaingia na ugonjwa wa ukungu. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Aliokolewa kwa sababu mapema walichukuliwa karibu 500 kwenda kufugwa Marekani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, palipokwishawekewa mabomba ya kurusha manyunyu. Bibi akauliza mabomba hayo huzimwa lini. Hayazimwi, akajibiwa. Akanyamaza kwa muda mrefu.

Kipimo kimoja cha mbao tulimwachia mama wa meza ya samaki. Alikitoboa tundu, akakifunga kwenye ndoano ya mizani.

Kurudi Dodoma basi liliharibika pampu karibu na Fufu, saa mbili na nusu kando ya barabara, mahindi ya kuchoma Sh 500. Simu ikalia kutoka Bahi. Ni yule bwana wa bwawa. Vifaranga vya sato amevikataa, kambale ameshawaulizia, ila anataka kujua tuta alipandishe kiasi gani juu ya ile alama ya mgunga. Afisa akamwambia: dhiraa moja, na ushindilie kila tabaka likiwa na unyevu kabla ya kuweka jingine.